Mita 102 juu ya maji: siku mjomba alipokuwa kedi wangu pale Taupo

Mjomba wangu, mdogo wake mama, amebeba mabegi ya gofu ya watu wengine kwa miaka ishirini na mbili. Alikuwa kedi kwenye klabu moja ya zamani Arusha, jina naliacha, na mi nilivyokuwa shule ya msingi kila likizo ya Desemba nilikuwa natolewa Mwanza napandishwa basi kwenda kukaa kwake, kwa hiyo gofu nimeijua mapema sana ila nimeijua kwa upande wa nje wa uzio. Kulikuwa na michongoma mirefu imekatwa vizuri, sisi watoto tunachungulia kwenye upenyo, tunaona watu wamevaa kofia nyeupe wanatembea polepole kwenye nyasi ambazo hata ng'ombe haruhusiwi kukanyaga, na nyuma yao anakuja mjomba na begi begani, kimya kabisa. Makedi walikuwa wanaruhusiwa kucheza Jumatatu tu, siku ambayo wenyewe hawaji, tena kwa fimbo za kuazima, fimbo tatu watu wanane.

Nyumbani alinichongea fimbo ya mti wa mpera yenye kona mwishoni, mpira ukawa ndimu changa. Akanifundisha kushika. Alikuwa anasema shika kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara, usimbane akalia, usimlegeze akachoropoka. Hiyo sentensi nimetembea nayo mpaka leo na sikuwahi kupata pa kuitumia.

Sasa mwaka huu Januari, ambayo huku New Zealand ni kiangazi na shule zimefungwa, tukaamua mimi na mama watoto na wanetu wawili tutoke Hamilton twende Taupo tukalale siku mbili. Ni kama kilomita 150, masaa mawili kasoro kama hamsimami, ila sisi tulisimama Tirau kwa sababu binti yangu aliona mbwa mkubwa kuliko nyumba. Sikutanii, pale Tirau kuna jengo zima la umbo la mbwa na lingine la umbo la kondoo, yote yamejengwa kwa mabati ya migongo, mabati yale yale tunayoezekea nyumba kwetu, fundi ameyakunja mpaka yametoa masikio na pua. Mke wangu ambaye baba yake alikuwa fundi bati alizunguka lile jengo lote anaangalia maungio, tukakaa pale nusu saa. Baada ya hapo ni misitu ya misonobari kwa muda mrefu, watoto wakalala, na nilipowaamsha tulikuwa tunashuka kilima na ziwa lote liko mbele yetu.

Mi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia karibu na mwalo wa Kirumba, kwa hiyo ukiniambia ziwa nakuwa na kipimo changu kichwani. Taupo ndio ziwa kubwa kuliko yote New Zealand na lina kilomita za mraba 616, wakati Victoria yetu ina karibu 68,800, yani unaweza kuingiza Taupo zaidi ya mia moja ndani ya Victoria. Lakini hili ziwa lina kitu chake. Ng'ambo ya kusini unaona milima mitatu imesimama, Tongariro, Ngauruhoe ambayo ina umbo la pia kamili kama la kuchora, na Ruapehu yenye mita 2,797 ambayo hata kiangazi ina barafu kwenye kilele. Na ziwa lenyewe ni shimo la volkano. Mlipuko wake mkubwa kabisa ulitokea miaka kama 25,500 iliyopita, ardhi ikatitia, maji yakajaa, halafu ukalipuka tena kwa nguvu karibu mwaka 232 baada ya Kristo. Ukiwa umesimama ufukweni unakula aiskrimu hivi vitu havionekani, mpaka mtoto aokote jiwe.

Binti yangu aliokota jiwe la kijivu, akalirusha majini, likaelea. Akaokota lingine, likaelea. Akanifuata mbio, "Baba mawe ya huku hayazami!" Nikalishika mkononi nikacheka kwa furaha kwa sababu nalijua, ni lile jiwe la kusugulia visigino, lile ambalo bibi yangu alikuwa nalo bafuni kwenye kopo. Ufukwe mzima umejaa. Ni povu la volkano lililoganda, lina matundu ya hewa ndani ndio maana haliendi chini, na hapo nikapata njia ya kumuelezea mtoto wa miaka saba kuwa hili ziwa zamani lilikuwa moto. Jina lake refu ni Taupō-nui-a-Tia, yani joho kubwa la Tia, Tia akiwa ni mmoja wa wazee wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliofika kwanza maeneo haya, na mpaka leo sakafu ya ziwa, ardhi ile ya chini ya maji, ni mali ya kabila la Ngāti Tūwharetoa. Hilo nalisema kwa sababu kila mara nikiona watalii wanaburudika sehemu huwa najiuliza mwenyeji yuko wapi, na hapa mwenyeji anajulikana kwa maandishi.

Basi tukawa tunatembea njia ya kando ya ziwa, pale karibu na mjini, ndio nikasikia sauti. Tak. Kimya. Halafu mbali, chubwi. Tak. Kimya. Chubwi. Mwili ulisimama kabla akili haijaelewa. Hiyo "tak" naijua, ni sauti ya likizo zangu zote.

Pale ukingoni kuna sehemu ya kupigia, mikeka ya nyasi bandia imepangwa mstari mmoja inaangalia ziwani, na kule mbele majini, mita 102 kutoka unaposimama, kuna jukwaa linaelea limetandikwa kapeti la kijani na juu yake mashimo yenye bendera. Unanunua mipira kwenye kibanda, wanakupa kwenye ndoo ndogo, fimbo wanazo wenyewe unachagua, unasimama kwenye mkeka unapiga. Ukiingiza mpira kwenye shimo kwa pigo moja unapata zawadi, mashimo yamepishana thamani, na zawadi kubwa ni dola 10,000 za kule. Hiki kitu kipo tangu miaka ya 1990, na wenyewe wanasema kwa wastani anapatikana mtu wa kuingiza kama mara moja kila wiki mbili. Mipira inayozama haiachwi, wanaingia wazamiaji wanaiokota chini inarudi kwenye ndoo, kwa hiyo mpira ulioushika mkononi unaweza kuwa umeshalala ziwani mara kumi.

Kwa asiyejua gofu hesabu iko hivi. Shimo la kawaida la gofu lina upana wa milimita 108, fikiria kikombe cha bati cha chai. Mpira una milimita karibu 43. Sasa uweke kikombe hicho mita mia moja na mbili kutoka ulipo, juu ya kitu kinachoelea na kuyumba na mawimbi, uingize mpira kwa pigo moja bila nafasi ya pili. Hata kwenye uwanja wa kawaida, kwenye ardhi iliyotulia, namba inayotajwa sana kwa wachezaji wa ridhaa ni mara 1 katika mapigo 12,500. Pale kosa dogo tu, mpira umefika ukadunda ukapita, hakuna nyasi ya kuushika, maji.

Lakini kilichonisimamisha sio dola elfu kumi, niseme ukweli wangu. Ni watu waliokuwa kwenye mikeka. Mkeka wa kwanza kulikuwa na kijana kavaa bukta ya kuogelea, kifua wazi, bado analowa maji. Wa pili baba na mtoto wa kiume wanashea ndoo moja. Wa tatu kulikuwa na bibi wa Kimaori, mtu mzima wa miaka sabini hivi, kavaa gauni la maua na ndala miguuni (ndala huku wanaziita jandals, kila nikisikia nahisi kama mtu amejikwaa kwenye Kiswahili), na wajukuu wake wanne wamekaa nyuma kwenye nyasi wanashangilia kila akipiga. Hakuna aliyeulizwa kadi ya uanachama. Hakuna kola ya shati, hakuna viatu vya misumari, hakuna michongoma. Barabara iko nyuma yako, mtu anapita na baiskeli anasimama anaangalia anaondoka. Mpira wa gofu unapigwa kama watu wanavyorusha mawe ziwani.

Nikakaa kwenye benchi nikawa naangalia muda mrefu mpaka mke wangu akaniambia, "Baba nanihii, si ununue tu." Nikamwambia subiri. Nikaangalia saa, ilikuwa saa kumi na robo jioni, kipindi hiki tumewazidi nyumbani masaa kumi, kwa hiyo Arusha ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mjomba tangu enzi za ukedi hajawahi kulala mpaka jua limkute. Nikampigia video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, vipi, salama? Mbona asubuhi asubuhi?"

Yuko barazani na kikombe cha chai, kofia ya sufu kichwani, giza bado bado. Sikumuelezea, niligeuza tu kamera ikaangalia ziwani. Akawa kimya. Akasogeza simu karibu na macho. Halafu akauliza kitu ambacho mtu mwingine yeyote asingeuliza, hakuuliza hapo wapi, hakuuliza ni nini hiyo, aliuliza, "Hiyo grini iko mbali kiasi gani?" Grini ndio ile sehemu yenye mashimo na bendera.

Nikamwambia mita mia na mbili. Akafumba macho, midomo inacheza, yeye anahesabu kwa yadi. "Mia na kumi na moja na nusu," akasema. Baadae nikapiga hesabu kwenye simu, ni hivyo hivyo, na mzee ana miaka kumi na tano hajaingia uwanjani.

Nikaenda kununua ndoo, nikampa simu mke wangu ashike, binti akawa anasogea sogea aonekane kwa babu. Nikachukua fimbo namba tisa kwa sababu niliona wengi wameshika hiyo. Mjomba akasema acha kwanza, nioneshe bendera. Mke wangu akavuta picha karibu. "Bendera inaangalia wapi?" Nikasema inatuangalia sisi. "Basi upepo unatoka ziwani unakuja usoni kwako, namba tisa itapanda juu itasimama hewani itakufa. Rudisha. Chukua nane. Usiinue, mpira upite chini ya upepo." Akaniambia niweke mpira nyuma kidogo karibu na mguu wa kulia, mikono itangulie mbele, na nisimalize juu kwenye bega, nikatishe kifuani. Yote hayo anayaongea kwa sauti ya chini sana, ile sauti ya kedi ya kumwambia mtu jambo bila wengine kusikia, na wakati huo yuko kilomita elfu kadhaa amekaa na chai.

Pigo la kwanza likazama nusu ya njia. La pili likaenda kulia. La tatu refu likapita juu ya jukwaa lote. Mjomba hakusema kitu kwenye hayo matatu, na mi nilimjua, alikuwa ananisoma. Baada ya la nne akasema, "Unaangalia hela." Nikamuuliza hela gani. "Unainua kichwa mapema kutafuta shimo. Shimo halikuhusu. Kazi yako iko hapo chini ya pua yako, angalia mpira mpaka uone mkeka, masikio yatakuambia kilichotokea." Nikainamisha kichwa. La tano nilisikia tak iliyo safi, halafu kimya kirefu, halafu sio chubwi, ni du! Mpira umegonga jukwaa. Ukadunda ukaenda majini lakini umegonga, na wajukuu wa yule bibi wa mkeka wa pembeni wakapiga makofi na wanangu nao wakaruka.

Yule bibi alikuwa ameshamaliza mipira yake, akasogea akauliza nani yule kwenye simu. Nikamwambia ni mjomba wangu, mdogo wake mama, yuko Tanzania, alikuwa kedi, amebebea watu maisha yake yote na leo ndio mara ya kwanza ananibebea mimi. Akaniangalia, akachukua ile simu kwa mikono miwili toka kwa mke wangu, akaisogeza usoni akamsalimia mjomba kwa Kimaori, tēnā koe, akaongea maneno kadhaa mi sikuyaelewa. Mjomba naye akavua kofia, akamjibu kwa Kiswahili, "Shikamoo mama, asante kwa kutukaribisha kwenye ziwa lenu." Mi ndio nikatafsiri kwenda Kiingereza, na sauti yangu haikuwa sawa nilivyotafsiri.

Pakatulia kidogo. Mjomba akawa anasimulia, nadhani kwa ajili ya watoto, kuwa kule Jinja Uganda, pale Nile inapotokea Ziwa Victoria, ile klabu ya gofu inajulikana kwa kanuni yake ya kiboko, mpira ukidumbukia kwenye nyayo ya kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Binti yangu akataka kujua kama huku kuna viboko. Hakuna, huku kuna bata maji weusi tu, na samaki aina ya trauti ambao waliletwa na wazungu mwishoni mwa miaka ya 1800 kama sisi tulivyoletewa sangara, tofauti ni kwamba huku sheria inakataza kabisa kuuza trauti, hutamkuta sokoni wala hotelini labda uvue mwenyewe wakupikie. Mtoto wa mwalo kama mimi bado sijazoea hiyo.

Nikarudi kwenye mkeka. Zilikuwa zimebaki kama nane. Hapo tukawa tunafanya kazi sasa, mi na yeye, haikuwa tena mchezo wa kitalii. Kila pigo anauliza, umesikiaje? Namjibu, nzito, au nyepesi, au kwenye kidole cha fimbo, yani ncha yake. Anarekebisha kitu kimoja tu, hajawahi kunipa vitu viwili kwa mara moja. Akaniambia nisubiri upepo, kuna sekunde chache bendera inalegea kati ya mvumo na mvumo, nipige hapo. Nikawa nasimama na fimbo chini naangalia bendera, watu wa nyuma wanangoja na hakuna aliyeniharakisha.

Mpira wa tatu kutoka mwisho. Bendera ililegea. Nikakumbuka mkono wa mtoto na barabara. Nilipiga na kwa kweli sikuhisi kitu mkononi, wale wanaocheza watanielewa, ukiupata katikati hausikii kama umegonga chochote. Sikuinua kichwa mpaka nimeuona mkeka. Du. Halafu nikasikia watu wa kwenye benchi wanavuta pumzi kwa pamoja, ndio nikainua. Mpira ulikuwa umedunda mara moja, mara ya pili ndogo, unatembea kwenye kapeti, unapinda kuelekea bendera ya karibu, unaenda, unaenda, ukasimama. Hatua moja na nusu kutoka shimoni, labda mbili. Jukwaa likayumba na wimbi, mpira ukacheza mahali pake, haukwenda mbele wala haukurudi.

Mke wangu alikuwa ameelekeza simu kule kule, kwa hiyo mjomba aliona alichokiona, nukta nyeupe juu ya kijani. Nikaenda nikachukua simu. Alikuwa amesimama, nyuma yake kumeshakucha, unaona migomba na kipande cha Meru. Akasema, "Iokote."

Kwa wasiojua, kwenye gofu ya kirafiki mpira wako ukiwa karibu sana na shimo mwenzako anaweza kukuambia iokote, maana yake usihangaike kuusukuma, tumekubali umeingia. Ni heshima. Miaka ishirini na mbili mjomba amesikia matajiri wakiambiana hilo neno, yeye kazi yake ikiwa ni kuinama kuuokota ule mpira kwa niaba yao. Nikamwambia mjomba siwezi kuuokota, uko katikati ya maji. Akasema, "Basi uache hapo hapo ulale. Mi nimeshaukubali."

Mipira miwili ya mwisho nilimpa binti yangu. Fimbo ilikuwa ndefu kuliko yeye, nikamshikisha chini kabisa, wa kwanza ulienda hatua tatu na wa pili ulidondoka majini hapo hapo ukingoni, na babu yake akashangilia ule wa pili kuliko alivyoshangilia wa kwangu.

Kesho yake asubuhi kabla hatujaondoka tulipita tena pale, saa moja na nusu, hakuna mtu. Ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani, milima mitatu imejiangalia majini kichwa chini. Bendera hazitikisiki. Kwenye lile jukwaa kulikuwa na mipira kadhaa imebaki kutoka jana na binti yangu aliamua upi ni wa kwetu, akaonesha kwa kidole, na sikuwa na sababu ya kubisha.

Tulipofika Tokoroa simu ikalia. Mjomba ametuma picha. Amechukua daftari la mjukuu wake, lile la mistari mikubwa, amechora ziwa, amechora jukwaa kwa penseli akaweka mashimo na bendera, ameandika yadi 111½, ameweka mshale wa upepo, na kwa upepo wa jioni ameandika fimbo NANE, kwa utulivu wa asubuhi ameandika TISA. Kuna alama ndogo ya msalaba mbele kidogo ya bendera nyekundu, upande wa kushoto, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa kubwa, DONDOSHA HAPA. Chini kabisa ameuliza Pasaka tutakuwa na nafasi ya kurudi, na kama ndio, tuondoke mapema tufike kabla upepo haujaamka.